Meno ya Mke Mwenzangu

4 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu nyingi kuliko misumari iliyomwagika sakafuni kwangu. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mkwe wangu hajambo? Mwambie lile gauni alilolisahau hapa nimelifanya foronya za mito, asiliulizie.

Kazi ya makochi inaenda. Wiki hii nimevua nguo kochi la mwalimu mkuu, mle ndani nimekuta vijiko, chaki, na meno bandia ambayo mwenyewe ameyakana mbele ya mkewe.

Nikitaja meno nimeshajiingiza mwenyewe kwenye mada.

Mke mwenzangu hajambo. Najua hupendi nimwite hivyo binti yako, lakini nimwiteje? Marehemu baba yako alimposa siku aliyozaliwa, kisha akafa akatuacha wajane wawili ndani ya nyumba moja, mmoja wa miaka sitini na ushee, mwingine wa miaka saba. Tunapatana. Yeye ndiye mkubwa.

Sasa usishtuke. Walikuja shuleni kwao watu wa meno wakiwa na tochi. Wenzake walitazamwa wakaambiwa funga mdomo, nenda. Yeye alipoachama walitazama, wakaitana, wakainama wote kama mafundi waliofungua injini ya lori. Nimeletewa kikaratasi kwamba magego yake yana matundu, nimpeleke hospitali. Na kweli, shavu la kulia limevimba kama ameficha limau.

Ninavyoona mimi, ni mambo matatu. La kwanza, peremende za yule muuza duka wa kona. La pili, meno ya upande wa mama yake, simlaumu mtu. Wewe ulikuwa na meno ya punda, ulifungua soda kwayo. La tatu silijui, ila mambo huwa matatu.

Simu yangu imetumbukia kwenye kopo la gundi, imeganda humo humo kama nzi. Kwa hiyo andika barua. Mimi sikuulizi kitu, na wewe usiniulize kitu.

Mama yako


26 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku kambini tunaendelea na daraja. Mimi bado niko juu kwenye kreni kutwa nzima, nanyanyua vyuma, na mke wangu bado ni karani wa stoo. Anasema amesamehe gauni. Alivyolisema hilo sikuona dalili za msamaha, lakini nafikisha salamu kama zilivyo.

Habari za binti yetu Chiriku zimetunyima usingizi. Kuvimba shavu si jambo la kuchezea, Mama. Mpeleke haraka, nakuomba.

Kuna jambo jingine. Bahasha yako niliifungulia ofisini. Nilipoichana tu, mlinzi akainua kichwa, akatazama chini ya meza, akauliza, “Nani kawasha humu ndani?” Sisemi kitu. Nakueleza tu kwamba mlinzi aliuliza.

Halafu nina rafiki hapa, mchomeleaji, mtu wa watu. Naye binti yake analelewa na bibi. Bibi huyo aliapa siku ya mazishi ya mumewe kwamba sigara basi, hataishika tena, na rafiki yangu anamwamini mama yake kabisa. Ila anauliza tu: mtu mwenye mama wa namna hiyo akitaka kuhakikisha, aulizeje ili asipigwe?

Nimemwambia nitamuuliza mama yangu, maana ana hekima.

Mwanao


22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa kuniona mwenye hekima. Ungeniona pia mwenye masikio, maana nasikia unavyozunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kuhusu bahasha: mleta barua wetu anavuta sigara kama tanuri la matofali. Kila anachokishika kinanuka. Juzi aliniletea barua ya kanisani, nayo ilinuka, na sidhani kama mchungaji anavuta.

Kuhusu rafiki yako: mwambie mama yake alimbeba miezi tisa na hata siku moja hakumuuliza anafanya nini humo ndani. Tena mtu anayeshinda kwenye moshi wa kuchomelea ana mdomo gani wa kuuliza moshi wa wenzake?

Tumeshakwenda kwa daktari wa meno. Ni binti mdogo mwenye miwani mikubwa na mikono ya baridi. Mke mwenzangu alipanda kile kiti kinacholala, akakisifu, akamwambia daktari kimeshonwa vibaya ukingoni, bibi yake atakishona upya. Daktari akacheka, akaingiza kioo. Hakucheka tena.

“Bibi, mtoto anapiga mswaki?”

“Anapiga kuliko mimi.”

“Vitu vitamu?”

“Kama watoto wote. Mwulize muuza duka.”

“Na nyumbani kuna anayevuta sigara?”

Hapo mimi nikawa natafuta leso kwenye mkoba. Mke mwenzangu akajibu badala yangu. Alichojibu si cha kuandikwa kwenye karatasi. Mlango ulikuwa wazi, na watu wa kwenye benchi walicheka, hata bwana mmoja aliyekuwa amefungwa taya kwa kitambaa alicheka huku analia.

Basi. Magego mawili yatang'olewa, mengine yatazibwa. Kwanza anywe dawa uvimbe ushuke, ndipo turudi.

Nimepaka rangi dari ya sebuleni. Ilikuwa nyeupe, ikawa ya chai ya rangi, sijui kwa nini. Nadhani ni uzee wa nyumba.

Mama yako


18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Wote huku wazima. Mvua imesimamisha kazi kwa muda, tunacheza karata na kugombana.

Asante kwa kunipigia Jumapili kwa simu ya muuza duka. Niruhusu nikukumbushe yaliyosemwa, pengine hukusikia vizuri. Nilisema, “Hujambo, Chiriku?” Mwanangu akanijibu hivi, neno kwa neno: “Baba, bibi kasema nikwambie yeye havuti.”

Nilikuwa sijamuuliza, Mama. Nilikuwa nimesema hujambo tu. Halafu nikasikia “Aa!” kama ya mtu aliyefinywa, halafu simu ikakatika. Wewe utasema ni mtandao.

Nimekwenda kwa mganga mkuu wa zahanati ya kambi. Nilimweleza habari za rafiki yangu na binti yake. Akaniambia kuna uchunguzi mwingi unaoonyesha kwamba watoto wanaokaa nyumba yenye moshi wa sigara meno yao huoza zaidi kuliko wenzao. Hakusema moshi peke yake ndio unaotoboa jino. Alisema inadhaniwa unapunguza nguvu ya mate, na mate ndiyo yanayoosha meno kutwa, na ufizi nao unachoka. “Sukari inabisha hodi,” alisema, “moshi unaifungulia mlango.” Akaniambia pia kwamba moshi hauishii hewani. Unakaa kwenye mapazia, kwenye nguo, kwenye makochi.

Kwenye makochi, Mama. Rafiki yangu aliposikia hivyo alikwenda moja kwa moja kumwita mkewe.

Yeye na mkewe wamekaa wakazungumza. Kambini watoto hawaruhusiwi. Lakini kuna dada wa mkewe mwenye nafasi nyumbani kwake. Hawajaamua. Wanampenda sana huyo bibi, na wanajua mtoto akiondoka nyumba ile itabaki na nyundo tu. Ila mtoto ana maumivu, na wao wako mbali, na barua zinachelewa.

Rafiki yangu aliomba nikuulize ungemshauri nini.

Mwanao


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba na ya ile barua ya Mei, na ya ile nyingine iliyofika na picha ya daraja. Zote nilizipata. Sikujibu kwa sababu nilianza na hasira, hasira ilipoisha ikaja aibu, na mwenye aibu hata kalamu haioni.

Goti halijambo. Mleta barua amehamishwa, kwa hiyo harufu ya barua hii, kama ipo, utajua mwenyewe ni ya nani. Lakini nusa kwanza.

Nitakueleza mambo kwa mpangilio.

Ile barua ya Aprili niliisoma nimesimama mlangoni. Nilipofika pale pa dada wa mkewe, niliikunja nikaiweka chini ya sponji la kochi, nikalikalia siku nzima. Kesho yake nikaamua sigara haitawaka tena ndani ya nyumba. Nikahamia chooni, kule nyuma. Nikajiona mjanja. Siku ya pili nimechuchumaa zangu, moshi unatokea kile kidirisha cha juu, jirani akapiga kelele, “Choo cha fundi kinaungua!” Kabla sijajibu, ndoo nzima ya maji ikaingia dirishani ikanikuta utosini. Ikafuata ya pili. Nilitoka nimelowa chapachapa, kipisi bado mdomoni, na mtaa mzima umesimama. Mke mwenzangu akawaambia, “Msimwage tena, ni bibi yangu, huwa anatoa moshi.”

Hilo ndilo nililofikiri ni aibu. Kumbe bado.

Tulikwenda kung'oa mwezi wa tano. Alipigwa sindano ya ganzi, akatulia, machozi yakimtoka kimyakimya. Unamjua, yeye akinyamaza ujue mambo mazito. Daktari akasema, “Bibi, msogelee, mshike mkono, umwongeleshe.” Nikasogea, nikainama nimwambie neno la kumtuliza. Akageuza uso ukutani. Nikafikiri ana hasira nami. Akasema, kwa mdomo wenye ganzi, “Bibi, nakutaka. Ila unanuka. Sogea huko chini.”

Nilikuwa nimetoka kuvuta pale getini, mwanangu. Nilikuwa na woga. Nilimwogopea yeye nikaenda kujituliza mimi.

Basi nikasogea chini. Nikamshika mguu. Daktari anavuta jino huku juu, mimi nimeshika kisigino na kiatu cha shule kimenitazama usoni. Kila akiumia alinisukuma kwa huo mguu, na mimi namwambia, “Nipo, nipo, piga tu.” Alinipiga teke la kidevu. Gego la kwanza likatoka, la pili likagoma, daktari akabadilisha koleo. Sijawahi kuwa mbali na mtu kama nilivyokuwa mbali na yule mtoto siku ile, na nilikuwa nimemshika.

Na sasa nikuandikie alichojibu ile mara ya kwanza, alipoulizwa kama nyumbani kuna anayevuta. Alisema, “Kwa sasa hayupo nyumbani. Yuko hapa anatafuta leso.”

Tulipotoka niliiacha pakiti juu ya benchi la wagonjwa, mbele ya watu, kwa heshima zote, kama mtu anayevua kofia. Tukatembea hadi nje. Nikarudi mbio kuichukua. Nikakuta imeshabebwa. Benchi zima lilikuwa linatazama dari. Nikasema basi, Mungu ameamua, na yule bwana wa taya, aliyekuwepo tena siku hiyo, ndiye aliyetumwa.

Tangu siku hiyo sijavuta. Usifikiri ni rahisi. Unajua ninavyofanya kazi: misumari upande mmoja wa mdomo, sigara upande wa pili. Sasa naweka misumari pande zote, siwezi kuongea, wateja wanadhani nimewanunia. Na kweli nimewanunia. Kuna kochi nimelipigilia miguu ikatazama juu. Nilimgombeza mwenyewe alipouliza. Natafuna karoti mpaka jirani kaniuliza kama nina mimba.

Makapeti na mapazia nimefua. Makochi yetu mawili nimeyavua yote, nikachoma sponji la ndani, nikashona upya. Maji niliyofulia mapazia yalikuwa meusi. Nilikaa nikayatazama ndani ya beseni, nikafikiri, haya ndiyo mtoto alikuwa anayanywa kwa pua.

Kwa hiyo mwambie rafiki yako ushauri wangu ni huu: mtoto ni wake, akimchukua sitamzuia mlangoni. Ila ningeomba aje amchukue mwenyewe, asimtume dada wa mkewe. Na aniambie kwa mdomo wake, siyo kwa mdomo wa mchomeleaji.

Swali moja tu kwa huyo rafiki yako. Zile barua zake, hata ile yenye picha ya daraja, nilizinusa. Mleta barua alikuwa keshahama. Je, yeye mwenyewe?

Mama yako


21 Julai

Mama yangu,

Shikamoo, tena na tena.

Hakuna rafiki. Yaani mchomeleaji yupo, lakini hana mtoto, na mama yake ni mlokole ambaye hata jiko la mkaa analikemea. Ni mimi. Nilijua unajua, na nikajua unajua kwamba najua, lakini mtu mzima mwenye ndevu zake nikishika kalamu kukuandikia “Mama, unavuta?” narudi kuwa mtoto aliyevunja sahani.

Barua yako tuliisoma wawili. Pale pa ndoo mke wangu alicheka mpaka akakaa chini stoo, juu ya magunia ya saruji. Pale pa mguu akaniachia nimalizie mwenyewe, akatoka nje.

Swali lako. Ndiyo, navuta. Navutia juu kwenye kreni, ndani ya kile kibanda, ambako hanioni mtu ila kunguru. Na sababu yake ndiyo iliyonifanya nisikwambie, maana ni ya kuchekesha kuliko dhambi yenyewe. Mama, mimi naogopa kuwa juu. Mwaka wa tatu huu ni dereva wa kreni na kila asubuhi nikipanda ile ngazi nafumba macho. Nikifika juu, nawasha. Nikiwasha, natazama moto wa kiberiti, sitazami chini. Msimamizi wangu anasema sijawahi kuonekana na wasiwasi. Ni kwa sababu haoni, nimezungukwa na moshi.

Kumbe nilikuwa nakuhukumu kutoka juu, na moshi wangu mwenyewe umeniziba macho.

Mke wangu anasema nikishuka jioni nanuka kama jivu lililomwagiwa maji, na alikuwa anangoja nikuhubirie mpaka nichoke ndipo anikamate. Amenikamata. Tumekubaliana nimwombe msimamizi kazi ya chini. Nimemwomba. Alicheka, kisha akaona siongei kwa mzaha, akaniambia kuna winchi ya kuvuta vyuma kando ya mto inahitaji mtu. Iko chini kabisa. Miguu yangu inagusa ardhi.

Chiriku abaki kwako. Kwa dada wa mke wangu tumeshasema asante. Nitakuja likizo mwezi wa tisa, na nitakuja kwa mdomo wangu.

Mwanao mwoga


9 Oktoba

Mwoga wangu,

Marahaba. Tangu uondoke nyumba imepoa. Umesahau shati, nalo nimeshalipangia kazi. Mkwe wangu mwambie nimemshonea gauni jipya kwa kitambaa cha kochi. Ni zito kidogo, lakini halichaniki, na akianguka hataumia.

Kama ulivyoona mwenyewe, niko vizuri. Ila kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hapa, kwa sababu ulikuwa unanisifu sana na sifa ni tamu. Mwezi wa nane nilivuta moja. Nilimwomba mteja, nikavutia nyuma ya uzio, nikala karoti, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga. Niliporudi mke mwenzangu alikuwa amekaa kizingitini. Aliingia ndani, akaniletea kigoda, khanga safi na ndoo ya maji, akafunga mlango. Nikaoga uani, nikabadili nguo uani, nikabisha hodi nyumbani kwangu mwenyewe. Akauliza kwa ndani, “Nani?” Nikasema, “Mke mwenzako.” Akasema, “Yule wa zamani au huyu mpya?” Nikasema mpya. Akafungua.

Wewe nawe ukiteleza huko mtoni, niandikie. Usimsingizie mchomeleaji.

Wiki iliyopita tumerudi kwa daktari. Yaliyozibwa yamekaa, shavu limerudi kuwa shavu, na hakuna tundu jipya. Amesema tuendelee hivyo hivyo: mswaki asubuhi na usiku, peremende kwa nadra, na nyumba isiyo na moshi. Kile kiti chake nimekishona ukingo. Mke mwenzangu alisimamia.

Sasa sikiliza la jana.

Mwalimu mkuu alikuja hatimaye kuchukua kochi lake, lile la tangu Februari. Lilikuwa tayari, limenyooka kama amri, kitambaa cha kijani, vifungo vimekaa. Mke mwenzangu alikuwa amelikalia akila pera, jino la mbele likining'inia kwa uzi mmoja. Nimemwambia mara ngapi nilivute, hataki, anasema hilo ni la kwake na litatoka likipenda. Mwalimu mkuu akaingia na watu wa kubeba. Mtoto akashtuka, akauma pera, akasema “Aa!” Jino likaruka. Tulilisikia likigonga mbao, kisha tukaliona, wote kwa macho yetu, likiteleza pale kwenye mshono kati ya mgongo na kiti, likazama.

Akaanza kulia. Siyo kwa maumivu. “Bibi, hilo halikung'olewa,” anasema. “Hilo limetoka lenyewe!”

Nilichukua kisu cha kufumulia. Mwalimu mkuu akasema, “Fundi, usi—” Nilikuwa nimeshafika katikati. Nikatoa vifungo, nikatoa kitambaa, nikatoa sponji, nikaingiza mkono mpaka begani kwenye springi. Wale wabebaji wakashika kochi wakaliinamisha, tukalitikisa kama mti wa matunda. Jino likadondoka sakafuni.

Tuliliokota pamoja. Nililipangusa, nikalipeleka kwenye mwanga wa dirishani, tukaligeuza mbele na nyuma, vichwa vimegusana. Jeupe. Zima. Halina tundu. Najua daktari atasema jino moja la mbele si ushahidi wa lolote. Lakini daktari hakuwepo, na mimi nililia kidogo, na mke mwenzangu akanishika bega kama mtu mzima anayemliwaza mtoto.

Mwalimu mkuu alikuwa bado amesimama katikati ya misumari na manyoya ya sponji, kofia mkononi. Akauliza kochi lake litakuwa tayari lini.

Nikamwambia, “Mwalimu, kaa usubiri.”

Akatazama huku, akatazama kule, akaniuliza akae wapi.

Mama yako